Karafuu Zililowa na Watu Wapo

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na leo nitakusimulia kwa sababu nimesikia habari zako. Nimeambiwa umepewa skuli uisimamie, na wiki ya kwanza tu umebandika karatasi ya amri ukutani, ya pili ukaongeza nyingine. Sikulaumu. Mimi nilikuwa na amri kumi na saba, wala sikuwa na skuli. Nilikuwa na shamba la karafuu kule Kidichi na watu kumi na wawili.

Nilikuwa bi harusi wa juzi, miaka ishirini haijatimia. Mume wangu, Mungu amrehemu, biashara zake zilikuwa Pemba, na msimu ule ulipokaribia akaniambia, "Salma, shamba nakuachia wewe. Mama yuko mjini, ukikwama mwendee." Hapana mwanamke wa ukoo wetu aliyewahi kuachiwa shamba peke yake. Mashemeji zangu walicheka, wakasema nitarudi kwa baba kabla ya karafuu ya kwanza kukauka. Basi nikapanda Kidichi na nia moja, nisikosee hata mara moja. Nia hiyo ndiyo iliyonikosesha.

Nokoa wa shamba, yaani mkuu wa wachumaji, alikuwa Mzee Makame, Mtumbatu, mtu mfupi mwenye maneno machache. Alikuwapo pale tangu mume wangu anatambaa. Karafuu zikishachumwa hutolewa vikonyo, kisha huanikwa juani juu ya majamvi siku nne, tano. Zikipata mvua kabla ya kukauka huumuka na kupauka, na jasho lote la watu limekwenda bure. Mzee Makame hakuhitaji kuambiwa hayo. Alikuwa akinyanyua pua tu, akasema, "Kunjeni," na majamvi yako bandani kabla wewe hujajua kama kuna wingu. Mwenye macho haambiwi tazama.

Wiki yangu ya kwanza likapotea kapu zima la karafuu. Nikatoa amri: asikanyage mtu uwanjani ila aliyetumwa. Kisha jamvi likachanika kwa kubebwa ovyo. Nikatoa amri: jamvi lisiguswe ila kwa ruhusa yangu. Mpishi akaunguza wali, naye nikamtungia yake. Kila kosa la mtu mmoja nikaligeuza sheria ya watu wote. Hapo, mwanangu, ndipo nilipoipoteza njia. Baba yangu alinisomesha, nilijua kuandika, basi nikaziandika kwenye ubao, na kila asubuhi nikawasomea watu wamesimama mstari. Nilijiambia, nahodha wengi, chombo huenda mrama, na nahodha wa hapa ni mimi.

Mwanzo nilifurahi sana. Watu walikuja kuniuliza kila jambo. Mpishi, aliyekuwa akipika kabla mimi sijazaliwa, alileta mchuzi barazani nimwambie kama chumvi yatosha. Siku moja mbuzi wa jirani aliingia kwenye mihogo yetu, na wanawake wawili wakapanda kilima kizima kuja kuniuliza, "Bibi, tumfukuze?" Mbuzi anakula, wao wanangoja jibu. Mimi nikaona hiyo ndiyo heshima. Sikuona kwamba watu wale walikuwa wameshazitua akili zao chini, kama mtu atuavyo mzigo wa kuni.

Mmoja tu hakuwa ametua wake. Asubuhi moja mtungi ulipasuka, maji yakaanza kuelekea kwenye karafuu, na Mzee Makame akavuta majamvi mawili pembeni bila kuniuliza. Nikamwita mbele ya watu wote.

"Mzee Makame, nimekataza nini juu ya majamvi?"

"Yasiguswe ila kwa ruhusa yako, Bibi."

"Basi imekuwaje?"

"Maji yalikuwa yanakuja."

Nikamjibu, na maneno haya mpaka leo naona haya kuyatamka, "Hapa akili ni yangu. Yako wewe ni kutii." Mtu wa umri wa baba yangu, mwanangu. Akanitazama kidogo, akasema, "Naam," akaenda zake. Tangu siku ile sikumwona tena akinyanyua pua.

Sasa ije siku yenyewe. Ng'ambo ya bonde palikuwa na jirani, Bi Rukia, amejifungua, nami baada ya adhuhuri nikaenda kumpa mkono. Nyuma yangu niliacha uwanja mzima umejaa karafuu zilizokwisha kuwa nyekundu, zimebakisha jua moja. Nimekaa kwa mzazi, kikombe cha kahawa mkononi, nikaona kwenye dirisha mwanga umebadilika. Bi Rukia akaniuliza, "Kwani wewe huna karafuu nje?"

Nikamjibu bila wasiwasi, "Watu wapo."

Nikaendelea na kahawa yangu. Hebu lipime hilo. Mimi niliyewakataza watu kufikiri ndiye niliyekaa kitako nikitegemea kuwa watafikiri.

Mvua ile haikuanza kwa matone. Ilishuka yote kwa pamoja. Nikajifunga kanga kiunoni nikakimbia, nikateleza bondeni mara mbili, na nilipofika juu nikawakuta watu wangu wamejipanga chini ya upenu wa banda, wakavu, mikono wameiachia, wanazitazama karafuu zinaelea.

"Mzee Makame, hukuiona mvua?"

"Niliiona, Bibi. Niliiona tangu iko mbali."

"Na mikono yenu?"

"Mikono ilikuwepo. Ruhusa ndiyo haikuwepo. Nimemtuma yule binti, Tatu, akutafute, labda mmepishana njia."

Hakusema kwa kiburi, wala kwa dhihaka. Laiti angesema kwa dhihaka ningepata pa kushika. Nilipiga kelele, wakakunja majamvi upesi na vizuri, lakini maji yalikuwa yameshafanya kazi yake. Jioni ile Mzee Makame akaja barazani, akavua kofia. "Bi Salma, kesho baada ya sala ya alasiri nnakwenda zangu kwetu Tumbatu. Shamba hili halinihitaji tena."

Asubuhi nikapanda punda nikaenda mjini kwa mama mkwe wangu, Bi Zuwena, nyumba yake iko Malindi. Sikwenda kutaka ushauri, usidhani. Nilikwenda kumshitaki Makame. Nilimkuta ghorofani anachagua mchele. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba, nami nikayamwaga yote. Akasikiliza mpaka mwisho, vidole vyake havikusimama.

"Walivunja amri gani?" akaniuliza.

"Waliacha karafuu zikalowa, Mama."

"Sikukuuliza hilo. Katika amri zako, walivunja ipi?"

Nikaanza kuzipitia moyoni, ya kwanza mpaka ya kumi na saba. Hapana hata moja. Watu wale walizishika zote.

"Basi wametii sana," akasema Bi Zuwena. "Karafuu ziko wapi?"

Akausogeza ungo pembeni. "Amri, mwanangu, ni kama ua. Ua huzuia mbuzi, haukunji jamvi. Jamvi hukunjwa na mtu aliyeona wingu akajua kuwa kazi hii ni yake. Wewe umewatisha watu, na mtu mwenye hofu ya kukosea haangalii tena mbingu. Anakuangalia wewe. Na jana wewe hukuwepo."

Nilitamani ghorofa ile ifunguke niingie. Nikamweleza kuwa nilihofia kuchekwa, nikamweleza maneno ya mashemeji. Akasema kwa upole, "Najua. Lakini hofu hiyo ni yako, usimtwike Makame. Nenda ukamwahi."

Nilirudi Kidichi punda akilalamika. Nilimkuta Mzee Makame amekwisha funga kifurushi chake, watu wamemzunguka wanaagana. Ningeweza kumwita pembeni. Bibi mwenye shamba kumwomba radhi nokoa wake mbele za watu ni jambo lisilofanywa siku zile. Lakini nilimtahayarisha mbele za watu, na doa hufuliwa pale lilipo. Nikasema, wote wakisikia, "Mzee Makame, nilikukosea. Nilikwambia akili ya hapa ni yangu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na yako imelilinda shamba hili kabla yangu. Nakuomba radhi, na nakuomba ubaki."

Mzee Makame akatazama kifurushi chake, kisha akanitazama mimi. "Nimekusamehe, Bibi. Lakini hiyo pua sijui kama bado inafanya kazi." Tatu akacheka, na wengine wakamfuata. Nikauleta ubao mbele yao, nikaufuta, nikaacha amri moja tu: kisicho chako usikichukue. Nyingine nikaitamka kwa mdomo: ukiona kitu kinaharibika, kiokoe kwanza, uniulize baadaye.

Haikupita siku nyingi mvua ikaja tena. Nilikuwa nimejilaza mchana, nikazinduliwa na kishindo chake juu ya makuti, nikaruka kama mwehu mpaka uwanjani. Uwanja ulikuwa mtupu. Majamvi yote yako bandani na watu wamekaa juu ya magunia wanakula mihogo. Hapana aliyekuja kuniamsha. Jamvi moja lilikuwa limechanika katikati, nami nililiona vizuri, nikalikalia, nikaomba kipande cha muhogo.

Msimu ule tulipoteza karafuu nyingi, na mashemeji walicheka wakashiba. Mume wangu aliporudi nilimweleza kweli yote, hata ile ya kumkemea Makame. Mwaka uliofuata akaniachia shamba tena, na wa tatu, na Mzee Makame alibaki nokoa mpaka miguu ilipomkataa.

Basi, mwanangu, sikuambii uishi bila amri. Nyumba isiyo na mlango si nyumba. Lakini usitunge sheria ya watu wote kwa kosa la mmoja. Mwite huyo mmoja, mwambie kosa lake, yakaishe baina yenu. Amri ziwe chache kiasi cha mtu kuzikumbuka akiwa anakimbia. Mwalimu anayejua kazi yake mwache aifanye, na akichana jamvi katika kuokoa karafuu, mshukuru kwa karafuu kwanza. Mtu asiyepewa nafasi ya kuamua hujifunza jambo moja tu, nalo ni kusema "sikuruhusiwa." Na siku ya mvua, neno hilo halimfuniki mtu.

Nenda sasa, ukaitazame hiyo karatasi yako ukutani kwa jicho jengine. Mungu akupe watu wenye akili, akupe na kifua cha kuwaamini, na ukiingia makosani, akujaalie ulimi wa kuomba radhi mapema. Amin.