Walioambiwa Fundi Amekufa

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa fundi viatu, lakini usimfananishe na wale wa kubandika soli barabarani. Yeye aliwashonea watu ambao mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine. Aliupima mguu, akachonga mfano wake kwa mbao, kisha akaongeza soli kidogo kidogo mpaka mwenye mguu asimame wima. Watu walimwita Mizani. Mteja aliingia akichechemea, akatoka anatembea kama wewe na mimi. Nimewaona watu wazima na ndevu zao wakilia pale mlangoni.

Karakana yake ilikuwa chumba cha chini cha jengo lililotazamana na kiwanda cha nguo. Hakuwa na kibao. Namba ya simu aliiandika kwa chaki mlangoni, basi. Wateja walitoka miji ya mbali, mmoja akimwelekeza mwenzake: shuka kituo cha kiwandani, muulizie Mizani.

Binti yake, karani wa kampuni ya bima, alimwomba ruhusa ya kumtengenezea tovuti.

“Ni ukurasa tu, baba. Jina, simu, ramani, picha za viatu. Mtu akikutafuta, popote alipo, anakupata.”

“Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza,” akajibu, uzi ameubana kwa meno. “Mimi sijitembezi.”

“Shemeji,” nikamwambia, “hata mganga anaweka kibao njia panda!”

“Ndiyo maana haponyi mtu.”

Tulicheka. Benchi lake lilikuwa limejaa kazi, alikuwa na haki ya kuringa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata kama mwenye njaa huyo ni yeye mwenyewe mwakani.

Mwaka uliofuata mambo yakaharibika. Kiwanda kilipunguza watu, kisha kikafungwa. Maduka ya mtaa ule yakafuata. Mwenye jengo akauza, na mnunuzi akawatoa wapangaji wote, akabomoa, akazungushia mabati. Mlango wenye namba ukaenda na vifusi.

Binti akarudia ombi lake, safari hii bila utani. “Baba, siku hizi hakuna anayejua kesho. Leo uko hapa, kesho unaambiwa toka. Mtandaoni mteja atakuona hata ukihama mara kumi.”

“Wateja wangu wananijua.”

Akahamishia kazi chumba cha nyuma nyumbani kwake, upande wa pili wa mji. Maelekezo alimwachia muuza magazeti wa pale kituoni. Muuza magazeti naye akakosa wanunuzi, akakunja meza yake, akaenda zake bila kumuaga mtu.

Basi shemeji akakaa. Kila asubuhi alivaa aproni, akapanga ile miguu yake ya mbao, akasubiri. Nilikuwa nikipita namkuta ametega sikio upande wa geti. Dada yangu alikuwa ameanza kufua nguo za watu. Majirani walileta kandambili zilizokatika, naye akazishona bila kuinua macho. Sikio la kufa halisikii dawa, nilijisemea, na hasira zilinipanda mpaka nikatamani kumtikisa. Mwishowe akauza cherehani ya ngozi. Alisaidia kuibeba mpaka kwenye gari la aliyeinunua, akarudi ndani akajilaza mchana kweupe, jambo ambalo dada hajawahi kuliona tangu aolewe.

Alipoamka akamwita binti. “Haya, tengeneza hicho kitu chako. Cherehani nitaazima.”

Binti alimaliza kazi Jumapili moja. Wiki haijaisha, ujumbe wa kwanza ukaingia. Tulikuwa sebuleni wote, na binti akausoma kwa sauti, uso umemng'aa. Ulitoka kwa mama wa msichana ambaye shemeji alimshonea viatu tangu anaanza kutembea.

“Fundi, tumefurahi kuona uko hai. Tulikuja mara mbili tukakuta mabati, namba tuliyozoea kuisoma mlangoni haipo, tukaambiwa umekufa. Viatu vilipombana tukamnunulia vya dukani. Akawa anaanguka kila mara.” Sauti ya binti ikapungua. “Mara ya mwisho alianguka kwenye ngazi za shule, nyonga ikavunjika vibaya. Madaktari wamesema hatatembea tena. Viatu vyako vya mwisho bado vizima. Ukipata mtoto mwenye mguu kama wake, tuambie tumletee.”

Dada alijifunika uso kwa mtandio. Nilimwonea huruma shemeji, mimi niliyezoea kumtania.

“Nijibu nini, baba?”

Alikuwa amesimama, anatazama vidole vya mikono yake, vimepinda kama vimeshika mguu wa kupima.

“Muulize,” akasema, “mtoto alikuwa anaangukia upande gani.”

Binti akaandika hivyo hivyo, machozi yakimdondokea kwenye simu.