Muvumu Tulioukalia Matanga

Sisi tuliokulia Kimanga, mtaa wetu kati ya milima na ziwa, kabla ya nyumba za ghorofa tulikuwa na kiwanja kimoja tu cha kuchezea: chini ya muvumu, ule mti mkubwa wa mwisho wa avenyu yetu. Mizizi yake ilitoka juu ya udongo, minene kama migongo ya ng'ombe, na kila mutoto alikuwa na wake wa kukalia. Wangu ulikuwa jirani na wa Feza. Tulipika bugali ya matope, tukaila na matunda madogo ya mti tuliyosema ni ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Wavulana walikwaruza gome, wakatoa utomvu mweupe wa kunasia ndege. Ndege walinaswa wachache. Tulionaswa ni sisi, kwa nguo za masomo. Mama akiona doa hakusema mengi: "Utomvu huo utoke mbele ya baba yenu kurudi kutoka ziwani. Usipotoka, utatoka weye." Tulisugua kwa mchanga mpaka vidole vikauma.

Watoto wa leo wanasugua telefone. Sawa, nguo zao ziko safi.

Feza aliolewa palepale, nyumba inayopakana na mti. Mwaka huu mwanawe Amani akasema anajenga ukuta, na muvumu uko katika njia yake. Nilimwendea. Nikamwambia jua la saa saba linaua hapa, na mvua ikija, udongo wa mlimani unashikwa na mizizi ile. Akanijibu kwa heshima, "Ndiyo, mama mukubwa, nimesikia." Kesho yake akatafuta watu wa mashini ya kukata. Kijana akikujibu upesi hivyo, ujue hajasikia.

Nikafikiri ni kitu gani vijana wetu bado wanakiogopa, nikapata: matanga. Mahali wamama wamekaa matanga, hakuna muntu anawasha mashini. Nikapita nyumba kwa nyumba. Asubuhi ya siku ya kukata tukatandika mikeka kwenye mizizi, tukafunga vitambaa kichwani, tukateleka chungu cha maharagwe. Wakata miti wakafika na mashini begani. Mukubwa wao alipotuona akavua kofia.

"Poleni, wamama. Nani amekufa?"

"Bado," nikamwambia. "Tunangoja weye uanze."

Akamgeukia Amani. "Patron, minye sikati kwenye matanga."

"Hakuna matanga hapa. Hawa wanacheza."

"Kama wanacheza, waondoshe weye."

Amani hakusogea. Lakini hofu yangu ilikuwa kwa Feza. Mwana ni wake, na parseli, ardhi yenyewe, ni yake. Angesema tuondoke, tungekunja mikeka, maana huwezi kukaa matanga kwa muntu aliyekufukuza. Akatoka ndani polepole, mkeka kwapani, akafunua chungu, akaonja.

"Haya maharagwe hayana chumvi," akasema, akakaa.

"Mama, hata weye?"

"Hata minye. Leta chumvi, halafu uje ule."

Akaileta. Akala amesimama, amenuna. Wakata miti walikula wamekaa, wakaomba tena, wakaenda zao na mashini yao.

Ukuta umejengwa. Unapofika kwenye muvumu unapinda, na wapita njia wanaucheka. Amani anakasirika kidogo, halafu anaweka pikipiki yake kivulini.

Wengi tuliocheza nao wameenda, wengine Bujumbura, wengine kaburini. Zamani kelele zetu chini ya mti zilimfanya mama aite mara nyingi ndipo tumsikie. Sasa watoto wamejaa pale na hawasemezani, kila mmoja ameinamia kioo chake. Inaniuma. Ila wako kivulini, na kivuli kipo. Mchana ule, wakata miti walipoondoka, nilijinyoosha kwenye mkeka, nikalala usingizi ambao sikuupata tangu Amani ataje ukuta. Nilipoamka, jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya milima, na hakuna aliyekuwa ameniamsha.