Komba Aliyekosa pa Kulala

Nilipokuwa mtoto kule Likoni, miaka ya themanini, wanyama wa mwituni nilifundishwa juu ya ungo. Bibi, mama yake mama, alinyunyiza unga wa muhogo, akaubonyeza kwa vidole, kisha akatuuliza mimi na mdogo wangu Juma hizo nyayo ni za nani. Mwitu wenyewe ulianzia nyuma ya nyumba yetu, una giza hata saa sita mchana, lakini tulikatazwa kuuingia kwa sababu ya makaburi ya wazee. Basi Bibi alituletea mwitu mkekani.

Paa alikuwa vidole viwili. Nguchiro alikuwa kucha. Komba ndiye ambaye hakumchora, maana komba ana mikono kama ya mtoto, kwa hiyo alishika mkono wa Juma na kuukandamiza ungani. Juma, miaka mitano, alicheka mpaka akapaliwa.

Mchezo ulikuwa na sharti moja.

"Kila mlomwita mrudisheni kwake," Bibi alisema. "Semani alala wapi, ndipo mpepete. Mkimwacha ungoni, atakuja tafuta pa kulala humu ndani. Na humu vitanda vyote vina wenyewe."

Tukawarudisha mmoja mmoja: paa kichakani, nguchiro shimoni, komba katika pango la mti. Kwangu mimi ulikuwa mchezo tu.

Mwaka ule mwitu ulianza kukatwa, viwanja vimeuzwa. Alasiri moja misumeno ikinguruma, Bibi aliitwa matangani tukiwa katikati ya mchezo. Akavaa buibui, akageuka mlangoni.

"Mwanasha!"

"Abee, Bibi."

"Komba hajarudi kwake. Mrudishe."

"Inshallah, Bibi."

Nilikuwa na miaka tisa na wenzangu walikuwa wakiruka kamba uwanjani. Niliusukuma ungo chini ya kitanda, alama ya mkono wa Juma ikiwa bado imo, nikatoka mbio.

Niliporudi jua lilikuwa halijatua. Juu ya boriti alikaa komba. Komba hutoka usiku, kila mtoto wa Likoni alijua hilo, lakini huyu alikuwa pale kweupe, akimkodolea macho Juma aliyelala mkekani. Akalia mara moja, kama mtoto mchanga. Juma akafumbua macho na kumnyooshea mkono. Nilipomshika nikakuta mwili wake ni moto.

Usiku uleule degedege likamshika. Mama akampeleka hospitali, na Bibi, aliyekwisha rudi kutoka matangani, akaniuliza akiwa amenikazia macho, "Komba ulimrudisha?"

"Wallahi, nilimrudisha."

Tulimzika Juma Ijumaa. Nilikuwa nimeapa uongo, na nilijua kwa nini mdogo wangu amekufa. Jioni, Bibi akifagia, aliuvuta ungo kutoka chini ya kitanda. Akaitazama ile alama kwa muda mrefu. Nilingoja anipige. Akaenda nje kuumwaga unga, na hakunitajia jambo hilo mpaka alipofariki. Afadhali angenichapa.

Leo najua ilikuwa malaria. Najua pia kwamba komba alikuja kwa kuwa mti wake uliangushwa siku hiyo, na hakuwa na haja yoyote na Juma. Nimejiambia hayo mara nyingi, na mara nyingi nimeyaamini. Lakini kila nikisikia msumeno huinua macho darini.

Juzi, hapa Kiembeni, binti yangu alirudi kutoka chekechea na picha za wanyama wa mwituni, akataka nimfundishe nyumbani. Nikatoa ungo, ambao kwa miaka yote sikuthubutu kuuchezea. Tulianza na paa, tukaenda kwa nguchiro. Nilipofika kwa komba nilisita, naye akaukandamiza mkono wake ungani bila kuambiwa.

"Huyu alala wapi, Mama?"

Nilitaka kusema katika pango la mti. Lakini pale kwetu Likoni mti haupo tena, pana nyumba mpaka barabarani, na mara hii sikutaka kusema uongo juu ya ungo.

"Kwetu," nikamwambia. "Kitanda cha mjomba wako ki wazi."