Mgunga wa Kabiria Haukungoja Aprili

Mama mmoja wa Kabiria, muuguzi mstaafu niliyezoea kumtembelea Jumapili baada ya kanisa, ametutoka. Habari zilinikuta Dagoretti Corner nikinunua ndizi, nikaduwaa hadi muuzaji akaniuliza, "Mzee, uko sawa?" Sikuwa sawa. Tangu nitoke kwenye mazishi yake ndiyo kabisa. Nimechefuka, na sitawaficha wasomaji wangu.

Mbele ya nyumba yake palikuwa na mgunga, na kila mvua za vuli zilipoanza, ndege wadogo waliotoka Ulaya walitua humo wakakaa hadi Aprili. Siku ya kwanza kuonyeshwa mmoja nilisema ni shomoro. Wee! Mama alinikemea kama mgonjwa aliyetupa dawa. "Shomoro ana mdomo mnene wa kuvunja nafaka. Huyu wake ni mwembamba, wa kudonoa vidudu. Ona mstari wa manjano juu ya jicho, ona miguu iliyopauka. Na kama macho yamekushinda, tazama tabia yake: hatulii!" Kweli hakutulia. Alipekua jani baada ya jani hadi shingo yangu ikauma, na mama akacheka sana. Nakipeza kicheko hicho.

Kifungua mimba wake alitaka kuukata mgunga apate pa kuegesha magari. Mama hakukataa. Alimwambia mbele yangu, "Utaukata wageni wangu wakishaondoka. Si kabla ya Aprili, hata kama nimekufa." Kijana akajibu, "Mathe, relax. Haki ya Mungu hatuugusi." Mama alifariki Februari. Nilipofika kwenye ibada pale nyumbani, mgunga ulikuwa chini. Ulikatwa ili hema la waheshimiwa lipate nafasi, na waheshimiwa wenyewe hawakuja. Viti vyao vilivyovikwa vitambaa vyeupe vilikaa vitupu. Magogo ya mgunga yalikuwa yakichemsha chai yetu. Mchungaji akatuambia marehemu alipenda viumbe wa Mungu, nasi tukaitikia amina, huku kwenye rundo la matawi ndege mmoja akipekua majani yaliyoanza kunyauka. Chai ile sikuinywa.

Siku hizi mazishi yetu mjini ni maonyesho. Tunakodi hema, vipaza sauti na mpiga picha, tunashona sare, kisha neno moja dogo aliloomba marehemu linatushinda. Nikiwa langoni kijana yule alinifuata, suti inang'aa, akanishika mkono kwa adabu zote. "Mzee, utamwandikia mathe kitu kizuri? Weka hapo alipenda ndege, na sisi watoto tutaendeleza kazi yake." Nilimtazama usoni nikitafuta haya. Sikuiona. Basi nimeandika: alipenda ndege. Na wewe unayesoma hapa, kama mzazi wako yungali hai na kuna kitu kimoja alichokuomba usikiguse, usikiguse. Wasifu mzuri hata jirani anaweza kumsomea.