Gari la Japani Lilivyoniumbua kwa Mama Mkwe

Gari nililoagiza Japani lilitoka bandarini Ijumaa, na Jumamosi mie huyo stendi kumpokea mama mkwe. Nikapakia mizigo yake kwenye buti, tukaondoka. Mara sauti ya kike ikaongea Kijapani kutoka kwenye dashibodi.

“Huyo dada anasemaje?”

Sijui hata neno moja, lakini nani akubali kuumbuka mbele ya mkwe? “Anakukaribisha, mama.”

Ikarudia. “Anakusifia gauni.”

“Ahsante, mwanangu,” mama akamjibu.

Njia nzima iliongea, nami nikatafsiri, mpaka tukamaliza kupanda kilima cha Goba. Bodaboda akatufikia akipiga honi, begi la mama kalipakata.

“Braza, buti liko wazi! Vitenge vimetapakaa barabarani!”

Sauti ikarudia yale yale. Nyuma yangu mama mkwe akakohoa.

“Haya, baba, tafsiri.”