Sindano Tulizochoma kwa Mdomo

Kila Jumatano, wagonjwa wa nje wakiisha, muuguzi mmoja alipanda kitanda cha kujifungulia, akafungiwa mfuko wa maji mekundu chini ya kanga, akaanza kulia kama mzazi. Sisi wengine tulimwokoa. Hayo ndiyo mafunzo yaliyotufuata kazini, kituoni kwetu Muleba, na mimi, mkunga wa miaka mingi, niliyapenda kuliko semina zote za Bukoba nilizowahi kusinzia ndani yake.

Mkufunzi alituachia sharti moja: kila kitu kifanywe kweli. Ukisema unafuata dawa, inuka uifuate. Alipoondoka tu, mganga mfawidhi, bosi wetu, akalifuta sharti hilo. Dawa ya kuzuia damu hukaa kwenye friji, na friji aliitia kufuli tangu dawa zilipowahi kupotea. Ufunguo haukutoka mfukoni mwake.

"Msinisumbue na friji kwa sababu ya maigizo," alisema. "Semeni tu mmechoma."

Basi tukasema. Hodari wa kusema nilikuwa mimi. "Sindano ya pili, nimechoma!" napaza sauti, na mwenye karatasi anaweka tiki. Wageni walipokuja kutukagua walishangaa tulivyo wepesi. Kufuli nililiona kila siku nikipita, wala sikuuliza litafunguliwa na nani siku bosi hayupo. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Yetu sisi yalipigiwa makofi.

Asubuhi moja akajifungua binti kutoka Kishanda, uzazi wake wa kwanza. Mtoto wa kike, alilia vizuri. Sindano ya kwanza ilikwisha kutolewa kwenye friji mapema, iko tayari kwenye trei, nikamchoma, kondo likatoka. Damu haikukatika. Nikaanza kumkanda tumbo, na mwenzangu akaita kama tulivyozoea:

"Sindano ya pili!"

"Nimechoma!" nikajibu.

Mungu ananiona, nilijibu hivyo. Mwenzangu akaendelea na hatua inayofuata, na dakika kadhaa zikapita kabla sijajitazama mikono. Sikuwa na sindano yoyote. Nikakimbilia friji, nikakuta kufuli. Bosi alikuwa mkutanoni Bukoba, na ufunguo alikuwa nao. Mlinzi alilivunja kwa shoka, lakini wakati huo damu ilishapita godoro inadondoka sakafuni. Tukampakia kwenye gari la wagonjwa. Nilipiga magoti kando yake, ngumi yangu ikimkandamiza tumbo, tukapita Kemondo hadi hospitali ya mjini.

Baadaye karatasi ya majibu ya rufaa ilirudi: mama yu hai, mfuko wa uzazi umeondolewa, mume ametia sahihi. Mganga mfawidhi akaandika taarifa yake kwamba hatua zote zilizingatiwa. Nikaisaini. Siku hizi ufunguo unaning'inia kwenye msumari kando ya friji. Msumari! Siku zote hizo tulikosa msumari tu. Nina hasira naye hadi leo, na nina hasira zaidi na mdomo wangu.

Majuzi yule binti alimleta mtoto kliniki kuchanjwa. Akanipa kahawa ya kutafuna aliyoifunga kwenye jani la mgomba, kama anavyopewa mgeni wa heshima.

"Kasinge waitu, Sista," alinishukuru kwa Kihaya. "Mume wangu kanieleza ulivyohangaika nami. Na mtoto wa pili nitakuja kumzalia hapa hapa, mikononi mwako."

Nilimtazama nikidhani anatania. Alikuwa anatabasamu. Nyuma yake mumewe, aliyembeba mtoto, akainamisha macho chini na kutikisa kichwa kidogo, akiniomba. Hakuwa amemwambia.

Ilikuwa kazi yangu kumketisha na kumweleza. Nikaitia buni moja mdomoni, nikatafuna.

"Karibu sana," nikamwambia, kwa sauti ile ile ya Jumatano.