Ukimya wa Rukia Ulipobadilika

Mwanangu, sogea nikusimulie kosa langu la ujana. Nalikumbuka kila ninapokuuliza hali nawe ukanijibu "niko poa" huku umeinamisha kichwa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sisi ni watu wa Lamu, lakini baba alikuwa na duka la vitambaa katikati ya Nairobi, nasi tuliishi ghorofani juu ya duka. Mdogo wangu Rukia alikuwa na miaka kumi na mitano. Mimi nilikuwa msemaji. Mteja akiingia dukani hatoki bila kucheka. Rukia alikuwa mkimya tangu utotoni, hata wageni wakadhani anaringa. Lakini tukibaki wawili chumbani aliwaigiza wateja wale mmoja mmoja, sauti na mwendo, mpaka nishike mbavu.

Mwaka ule akaacha kuigiza. Chakula akawa anakibakisha. Akirudi kutoka shule anajilaza na sare yake, uso ukutani, nywele hazijachanwa siku tatu. Mama alisema ni umri tu. Mimi nilisema ni uvivu, kwa kuwa kazi zake za nyumbani zilikuwa zimeniangukia.

Basi siku moja tulialikwa arusi ya binamu yetu huko Kitisuru. Tulipofika, Rukia akakataa kushuka garini. Nikamvuta mkono mbele ya wanawake waliokuwa wakiingia, nikasema kwa sauti, "Mwacheni huyu! Anapenda kuonewa huruma." Alinitazama kama mtu asiyenijua.

Shangazi Mwanaisha, dada ya baba, aliyekuwa akifundisha madrasa, alinisikia. Akanishika bega, akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye masufuria ya pilau.

"Mdogo wako ni mkimya?"

"Ndiyo, shangazi. Ndivyo alivyozaliwa."

"Na ukimya wa leo ndio ule aliozaliwa nao?"

Nikageuka kutazama upande wa gari.

"Mama yako amenieleza. Tabia ya mtu haimnyimi chakula," akasema shangazi. "Haimkatazi kuchana nywele. Wewe unalala naye chumba kimoja. Ukimwita mvivu wewe, nani atajua kwamba anaumwa?"

Nilirudi garini. Nikaketi kando yake, nikamwomba msamaha, kisha nikanyamaza, na kwangu mimi hiyo ilikuwa kazi ngumu, nakuambia. Wanawake walikuwa wanapiga vigelegele ndani Rukia alipofungua mdomo. "Dada, kila kukicha natamani nisingeamka. Usimwambie mama."

"Hilo siwezi kukuahidi," nikamjibu. "Nakupenda mno."

Jioni ile ile tuliwaambia wazazi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Baba alisema tumsomee dua. Shangazi, aliyerudi nasi nyumbani, akamjibu, "Dua tutasoma, na kwa daktari tutampeleka." Jumatatu baba akafunga duka, yeye ambaye hakulifunga hata alipokuwa na homa, akampeleka Rukia hospitali mwenyewe.

Haikuwa safari fupi. Kulikuwa na wiki za nafuu na wiki za kurudi nyuma, na miezi ya kwenda kuzungumza na daktari. Asubuhi moja Rukia alitoka chumbani akasema, "Nina njaa." Mama aliingia jikoni kukaanga mahamri, akalia peke yake mbele ya karai.

Leo Rukia ni bibi, anaishi Loresho, na bado ni mkimya. Hakupona akawa msemaji kama mimi. Alipona akawa Rukia.

Basi mwanangu, kama wewe ni mpole, usidhani upole wako ni ugonjwa. Kama ni mchangamfu, usidhani kicheko ni kinga. Nimewaona wachangamfu wakizama bila mtu kushtuka. Jijue ulivyo, ili ujue umebadilika. Usingizi ukikupotea, chakula kikikushinda, ulivyovipenda visikuguse tena, sema. Mwambie mkubwa unayemwamini, na wa kwanza asipokusikia, nenda kwa wa pili, hata wa tatu. Na rafiki akikupa siri kama ile ya Rukia, usiitunze. Akikununia, mwache anune. Bora anune akiwa hai.

Mungu akulinde, mwanangu. Akuweke karibu na watu wanaosikiliza, akupe moyo mwepesi na umri mrefu. Amina.